Mgeni wa Kabambare aliuguzwa na nani?

Tarehe 22 Julai 1870 mzungu mmoja aliingia Kabambare akichechemea, na kwa majuma mengi baada ya hapo hakuvuka tena kizingiti cha nyumba. Miguu yake yote miwili ilikuwa imeshikwa na donda ndugu. Alikuwa na miaka 57, umri ambao kwa zama zile ulikuwa uzee hasa. Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka mengi, hata alipomwandikia binti yake Agnes alilifananisha tabasamu lake na la kiboko. Kati ya watu alioanza nao safari, walioshikamana naye hadi siku ile walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Jina lake David Livingstone.

Donda ndugu si jeraha la mchezo. Hula nyama, likamaliza mshipa, likafika mfupani. Akikanyaga chini, majimaji yenye damu yalichuruzika. Livingstone aliandika kwamba katika kambi za misafara ya watumwa, kilio cha wenye vidonda vile kilikuwa sauti ya kawaida ya usiku. Dawa alizokuwa nazo hazikufua dafu. Kilichomsaidia kidogo ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, la aina inayopatikana Katanga. Jiwe lilisuguliwa kwa maji juu ya jiwe jingine mpaka likatoa uji wa kijani, kisha uji ule ukapakwa kwenye kidonda kwa unyoya wa ndege. Ikawa hivyo siku 80. Siku ya 80 ndipo alipotoka nje ya kibanda.

Kwetu, mtu mzima akitangaza kwamba anahamia mbali, wazee humuuliza swali moja kabla ya kuuliza nauli wala kazi: ukiugua, utauguzwa na nani? Nimesoma habari nyingi za wamisionari wa Afrika Mashariki na Kongo, na karibu zote husimulia walichokuja nacho: Biblia, dawa, shule, mashine ya kuchapa. Swali la wazee wetu halijibiwi. Ukilichukua swali hilo ukaenda nalo Kabambare ya mwaka 1870, unakutana na habari nyingine kabisa.

Kwa asiyekujua: Kabambare na Kasongo ni maeneo mawili jirani ya kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa mto Lualaba. Kabambare ndiyo iliyo upande wa Ziwa Tanganyika, nchi ya Wabangubangu. Vitabu vya wakati ule viliiandika Bambarre. Kasongo iko karibu na mto, na baada ya siku za Livingstone ikawa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu, hadi majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipoiteka tarehe 22 Aprili 1893. Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa pamoja na jeshi hilo, alistaajabu kukuta mji wenye mishumaa, sukari na bilauri katikati ya bara. Mpunga unaolimwa Maniema hadi leo uliletwa na Waungwana, wale Waswahili wa misafara ya biashara. Kiswahili cha huko kiliitwa Kingwana kwa jina lao. Na msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kupita Kariakoo anaujua Msikiti wa Manyema, maana watu wa nchi hiyo nao walivuka ziwa, wakajenga Ujiji, Kigoma, Tabora na pwani.

Livingstone alifika hapo mara ya kwanza Septemba 1869. Chifu mkubwa, ambaye jina lake aliliandika Moenekuss, alikuwa amefariki karibuni, na wanawe wawili, Moenembagg na Moenemgoi, wakishika nafasi yake. Hao ndio wenyeji waliompokea. Alitoka, akazunguka kaskazini akiitafuta Lualaba kwa miezi kadhaa ya mvua na matope, akarudi na miguu ile niliyoieleza. Safari hii alikaa mpaka Februari 1871.

Maisha yake ya kila siku yalikuwa ya mtu anayengoja. Alingoja kidonda kipone. Alingoja watu na bidhaa kutoka Zanzibar, maana bila vitambaa na shanga hakuweza kununua hata mkungu wa ndizi. Alingoja barua. Katika kungoja huko alisoma Biblia, na katika nchi ya Manyema aliimaliza yote mara nne, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Alidodosa habari za mito kwa kila mfanyabiashara aliyerudi kutoka porini. Aliandika juu ya safura, akilitumia neno letu hilihili, alipoona watu wanakula udongo na miili yao inavimba na kufifia. Karatasi na wino vilipungua mpaka baadaye, huko Nyangwe kando ya Lualaba, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa rangi ya mbegu za porini. Maandishi yale yalififia kabisa, na mwaka 2011 ndipo wataalamu walipoweza kuyasoma tena kwa kupiga picha kurasa hizo chini ya mwanga wa rangi mbalimbali.

Barua ilikuja Februari 1871, pamoja na watu kumi kutoka pwani. Hesabu yake ilikuwa kwamba barua 40 zimepotea, na iliyomfikia ni moja. Siku hiyohiyo James, mmoja wa vijana waliokuja naye tangu mwanzo wa safari, aliuawa kwa mshale msituni wakati wenzake wakienda kununua chakula. Mtu anayeishi mbali na kwao siku hizi, akikaa siku mbili bila mtandao, hukosa usingizi. Mzee yule alikaa miaka.

Sasa nani alimuuguza? Hapa ndipo habari inapouma. Mtu aliyemtunza kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Muhammad bin Gharib, ambaye Livingstone alimwandika Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mwanzoni mwa 1869 Livingstone aliposhikwa na homa ya mapafu, Muhammad ndiye aliyempa dawa na kuamuru abebwe kwenye kitanda hadi ziwani. Ndiye aliyeongozana naye kuja Kabambare. Alikuwa akimpa chakula. Livingstone aliichukia biashara ile kuliko kitu chochote duniani, na bado alikula kutoka chungu chao, kwa sababu chungu kingine hakikuwapo. Hakuficha jambo hilo katika shajara yake. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa sifa nyingi alizopewa baada ya kufa. Mgonjwa ugenini hana fursa ya kuchagua mkono unaomlisha.

Na katika mji huohuo, mwishoni mwa Desemba 1870, aliandika habari ambayo mimi sijaweza kuisahau. Kulikuwa na mateka waliotekwa ng'ambo ya Lualaba na msafara wa Syde bin Habib. Walivumilia minyororo vizuri hadi walipovushwa mto na kuona maji yale mapana yamekaa kati yao na kwao. Hapo roho zikawatoka. Wanane wao, pamoja na wengine waliokuwa bado kwenye minyororo, walikufa ndani ya siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa nini, waliweka mkono kifuani, mahali penyewe hasa pa moyo, wakasema maumivu yako hapo. Daktari yule, aliyesomea udaktari Glasgow, hakuupatia ugonjwa ule jina jingine zaidi ya kuvunjika moyo.

Huyo ni mzee mwenye vidonda, aliyeondoka kwao kwa hiari yake, anawatazama watu walioondolewa kwao kwa nguvu wakifa kwa sababu ya umbali. Wote walikuwa mbali na nyumbani. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na Susi.

Na huyu Susi nataka tumtazame kwa makini. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, katika Msumbiji ya leo. Hapo Shupanga ndipo alipofariki Mary, mke wa Livingstone, tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Alikufa kwa homa, miezi michache tu baada ya kumfuata mumewe. Mary alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1821, binti wa wamisionari Robert na Mary Moffat. Aliolewa mwaka 1845, akazaa watoto sita, mmoja akamzika akiwa mchanga. Mwaka 1852 mumewe alimpeleka Uingereza na watoto ili yeye apate kuvuka bara, na kwa zaidi ya miaka minne Mary alihangaika huko, katika nchi isiyokuwa yake, bila nyumba ya kudumu wala fedha za kutosha. Watu humwita Livingstone mtu aliyekuwa mbali na kwao. Mary alikuwa mbali na kwao akiwa Uingereza, na wachache wamekumbuka kumhesabu.

Kwa hiyo mzee alipolala Kabambare, mke hakuwapo wa kumsugulia jiwe la dawa wala kumgeuza kitandani. Waliokuwapo ni kijana kutoka mahali palipo kaburi la mkewe. Na Chuma, Myao aliyefunguliwa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Na Gardner, aliyelelewa katika shule ya watumwa waliookolewa huko Nassick, India. Watatu hao nao walikuwa mbali na kwao, na hakuna aliyewauliza watauguzwa na nani.

Kuna jambo jingine la miezi hiyohiyo. Wakwe wa Livingstone, wale wazee Moffat, walikuwa wamefunga ndoa Cape Town Desemba 1819 na kuishi Kuruman, Afrika Kusini, kwa takriban nusu karne. Hiyo ndiyo picha kamili ya wanandoa wamisionari waliozeeka kazini. Mzee alikuwa mkulima wa bustani, mhunzi, mchapaji, na mfasiri aliyemaliza Biblia ya Kitswana mwaka 1857. Bibi alikuwa nyumba yenyewe: mtu wa kupokea wageni, kulea watoto wake na wa wengine, kushona, kuandika barua, kukaa peke yake mumewe akisafiri. Machi 1870, wakiwa wote wamevuka miaka 70, walifunga mizigo wakaondoka Kuruman kurudi Uingereza. Walifika Julai, mwezi uleule mkwe wao alipoingia Kabambare akichechemea. Januari 1871 bibi Moffat akafariki. Alikuwa ameishi Afrika tangu msichana, na nyumbani alikorudi aliishi miezi tu. Mkwe wake wakati huo alikuwa bado Kabambare, akiandika dua ya mwaka mpya kwamba amalize kazi yake.

Nasema hivi kwa kuwa watu wengi hudhani mgumu ni mwendo wa kwenda. Kwa wazee, mgumu ni wa kurudi. Nyumba uliyoiacha haipo tena, na majirani uliozeeka nao umewaacha kule.

Baada ya Livingstone walikuja wengine, na wachache walilijibu swali la wazee wetu kwa njia iliyo wazi zaidi: walioa hapohapo. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842 na kuwa askari wa Papa, alikuja Ziwa Tanganyika kuwalinda Mapadre Weupe na watu waliokimbilia kwao kutokana na misafara ya watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes, msichana wa Mpala, upande wa Kongo. Wakajenga mji wao Mrumbi, wakazaa, wakazeeka. Alikufa mwaka 1927 pande hizohizo, akiwa na miaka 85, kwa watu wa mkewe.

Ng'ambo ya ziwa, Karema, alikuwako Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 kama katekista na daktari, na hakuondoka mpaka kifo chake mwaka 1956. Miaka 67! Mkewe naye aliitwa Agnes, Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Ukitaka kuwataja wanandoa wamisionari waliozeeka kwenye utumishi pande hizi, anza na hao, kabla ya kumtaja yeyote aliyetoka Ulaya na mkewe. Atiman alikuwa mmisionari kwa kila maana ya neno: alitoka mbali, alihudumu, hakurudi. Lakini picha anayoichora mtu akisikia neno hilo huwa na sura ya mzungu.

Upande wa kaskazini, mambo yalikuwa tofauti kabisa kwa Charles Studd. Huyu Mwingereza, aliyekuwa mchezaji maarufu wa kriketi, aliingia Kongo mwaka 1913 akiwa na miaka 52. Mwaka 1916 alirudi tena Kongo, na hakutoka. Mkewe Priscilla, aliyekuwa na maradhi ya moyo, alibaki London akiendesha kazi ya misheni: fedha, barua, vijana wa kutumwa. Mwaka 1928, baada ya miaka 12, alikwenda Ibambi kumwona mumewe. Alikaa kama majuma mawili. Joto lilikuwa linaanza, akaondoka. Januari 1929 akafariki Hispania, na mume akafa Ibambi Julai 1931. Miongoni mwa alivyoacha Studd ni tafsiri ya Agano Jipya kwa Kingwana. Lugha ile iliyotoka Kasongo na Nyangwe kwenye midomo ya Waungwana ilifika mpaka misitu ya Ituri na Uele, ikawa lugha ya ibada. Mimi ninayeishi kwa Kiswahili nashukuru kwa kazi hiyo. Lakini siwezi kuisoma habari ya majuma mawili ndani ya miaka 12 bila kuona kwamba kuna mtu aliyelipa, na aliyelipa zaidi si yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada.

Kasongo yenyewe ikawa mji wa mapadre na masista wa Kikatoliki, kando ya misikiti yake mikongwe. Vikariati ya Kasongo iliundwa mwaka 1952, ikawa jimbo mwaka 1959. Hao hawana ndoa, nao huzeeka ndani ya jumuiya yao, ambayo ndiyo jibu lao. Miaka ya 1970 madaktari kutoka Taasisi ya Tiba ya Magonjwa ya Kitropiki ya Antwerp walifanya kazi Kasongo na kujaribu mpango wa vituo vidogo vya afya karibu na watu, kimoja kimoja chini ya muuguzi, na hospitali moja nyuma yao. Walichojifunza pale, pamoja na utafiti wao wa chanjo ya surua uliochapishwa mwaka 1981, kilisomwa dunia nzima, na kilichangia jinsi Kongo ilivyogawanywa katika kanda za afya. Mji ambamo mgeni alipakwa dawa kwa unyoya uko jirani tu na mahali hapo.

Wanandoa wazee bado wanakuja Afrika. Makanisa kadhaa, likiwemo Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hutuma waliostaafu, mume na mke pamoja, kwa miezi kadhaa au mwaka na zaidi, kwa gharama zao wenyewe. Wana simu, bima, na ndege ya kuwarudisha mmoja akizidiwa. Afadhali hivyo. Lakini ukimtazama bibi wa miaka 68 sokoni asiyejua kuuliza bei ya sombe wala mawese, na mama muuzaji anamshika mkono na kumhesabia noti moja moja, unajua kwamba jambo lenyewe halijabadilika. Mtu mzima ugenini huwa mtoto tena, na mwenyeji ndiye mzazi.

Tunajua majina ya Susi na Chuma hasa kwa sababu moja: baada ya Livingstone kufariki Mei 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, na mwaka 1874 hao wawili wakapelekwa Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha shajara kwa ajili ya kuchapishwa. Mambo mengi ninayoyaandika hapa tusingekuwa nayo bila wao. Halima aliyempikia Ujiji mwaka 1871 tunamjua pia. Lakini wanawake wa Kabambare waliouza ndizi na karanga mlangoni pa kibanda kile kwa siku 80, na aliyechota maji, na aliyetoa kuni, majina yao hatuyajui.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Kasongo, Kabambare, Kindu na Kalemie, na kwa wajukuu wa Wamanyema walioko Ujiji, Kigoma na Dar es Salaam. Katika familia nyingi za huko kuna babu aliyempikia padre, bibi aliyemwosha mke wa mchungaji alipojifungua, mjomba aliyebeba machela ya daktari kutoka kijijini hadi gari la moshi. Wengine wako hai. Waulizeni majina yao kamili, mwaka, kijiji, na walichofanya, mkaandike kwenye daftari, na nakala mkaiache parokiani, kanisani, msikitini au shuleni. Barua za wamisionari zimehifadhiwa vizuri London, Roma na Brussels. Habari za hao waliowauguza hazijaandikwa bado, na wanaozijua wanazeeka.